Ni Gauthier Tu: Juma la Chanjo ya Surua

Jumatatu, 8 Septemba 2003

Aibu! Nimerudi kutoka mkutano wa kituo cha afya, kichwa kinachemka. Mama Émilienne, muuguzi mkubwa wa kituo, ametangaza kwamba juma lijalo watoto wote wa kartie yetu, mtaa mzima huu wa Bunia, watachanjwa surua. Vema. Surua inamaliza watoto tangu watu walipojazana kwenye kambi ya wakimbizi karibu na uwanja wa ndege. Kila mtu alipiga makofi. Mimi nilipiga kuwashinda wote, maana nilijua kinachofuata: kuchagua mkubwa wa relais, wale watu wa kujitolea wanaopita nyumba kwa nyumba kuwaita wamama. Nilikuwa nimevaa koti. Nilikaa mbele. Nilikohoa kama mtu anayejiandaa kushukuru.

Amemchagua Hubert.

Hubert! Jirani yangu, fundi cherehani, mtu ambaye sauti yake haivuki meza ya kushonea! Akapewa kofia, kasketi nyeupe, na megafoni mpya yenye mkanda wa kuvaa begani. Ina kitufe chekundu. Ukikibonyeza inalia kama gari ya wagonjwa. Sijawahi kuona kitu kizuri hivi tangu nizaliwe Butembo.

Mimi nimepewa kazi ya kujaza ndoo ya kunawia mikono.

Nilimkumbusha Mama Émilienne, kwa heshima zote, kwamba kabla duka langu halijaporwa kwenye vita vya mwezi wa tano nilikuwa prezida wa wauza mabati wa soko zima. Akasema anakumbuka sana. Akaongeza kwamba ndoo ina kifuniko chake, nisikipoteze.

Nimemweleza mke wangu. Honorine alikuwa akipanga makayabo yake, samaki wa chumvi wa Mahagi-Port, kwenye beseni, hakuinua hata macho. "Weye Gauthier," akasema, "unapenda megafoni kuliko batoto."

Si kweli. Mtoto wetu Falone nampenda kuliko megafoni yoyote ya dunia. Lakini moyo wa mtu si chupa. Unaingia vitu viwili.

Jumanne, 9 Septemba

Akili imeamka! Depo yangu!

Tangu waporaji walipopita, depo yangu ya kuhifadhia mabati iko tupu. Rafu, mwangwi, na mimi. Asubuhi nimekwenda kwa Mama Émilienne kumweleza hali. Chanjo itafanyika kanisani, juu. Wamama wa huku chini, karibu na kijito, ili wafike kanisani lazima wapite pale kwenye barieri, kizuizi cha barabarani wanapokaa wale vijana wa bunduki. Tangu mwezi wa sita bunduki haziruhusiwi kuonekana mjini. Sawa, hazionekani. Lakini vijana wanaonekana sana. Hakuna mama atakayepita pale na mtoto mgongoni. Ila depo yangu iko huku huku chini. Ina paa, ina sakafu ya simenti, ina mtu wa kuiongoza.

Ameweka kalamu chini. Akasema ni wazo zuri. Kisha akarudia neno "zuri", kama mtu aliyeokota kitu mahali asipotegemea.

Kwa hiyo vituo ni viwili! Kanisani kwa Hubert, depo kwangu. Nimeimba njia nzima.

Mchana Hubert amekuja kukagua. Alisimama mbele yangu, karibu kabisa, angeweza kunigusa pua, halafu akaongea ndani ya megafoni: "GAUTHIER, MULANGO YAKO IKO NA MATUNDU." Najua ina matundu ya risasi. Siku zile za mwezi wa tano nililala nyuma ya mlango huo, chali, Honorine ubavuni, Falone katikati yetu. Nayajua matundu yale moja moja. Nimemjibu kwamba yanaingiza hewa, na chanjo inahitaji hewa.

Honorine ametundika pagne yake ya zamani ya kitenge kuyafunika, ile yenye ndege wa njano. Depo imependeza. Imependeza kweli. Tumesimama mlangoni wote wawili tukiitazama.

Alhamisi, 11 Septemba

Usaliti! Hubert ameanza kupita avenue kwa avenue. Nimemfuata nyuma, kwa siri, nikijificha kwenye ua wa watu. Mbele ya kila geti: "NJOONI KANISANI, BAMAMA! KANISANI!" Na depo yangu? Ameitaja tu alipofika kwenye kijito, megafoni ikielekea majini, wakati lori likipita. Vyura wamealikwa depo. Binadamu hapana.

Nilipomuuliza akasema anabana betri.

Sasa kila mama ninayemuuliza ananijibu kwamba atampeleka mtoto kanisani kwa Papa Hubert, barieri au si barieri, watapita kwa kundi. Nikaiona Jumatatu yangu: mimi, ndoo, na kifuniko cha ndoo.

Basi nimetumia akili kidogo. Kidogo sana. Mama Monique, jirani yetu, mama wa mapacha, anauza mandazi, na hakuna geti la kartie ambalo halijamfungukia. Nimemkuta bombani. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba chanjo ni kitu cha baridi. Kwamba kanisa halina dari, jua linapiga bati toka asubuhi. Kwamba ile ya kanisani inaweza kupungua nguvu, lakini ya depo itabaki mbichi. Sikusema uongo. Nilisema "inaweza". Nikamwomba asimwambie mtu yeyote.

Ameapa. Ameondoka haraka mpaka akasahau bidoni yake ya maji.

Ijumaa, 12 Septemba

Neno langu limerudi nyumbani. Sikulitambua.

Asubuhi, kwa kinyozi: chanjo imeharibika. Mchana, sokoni: chanjo imeoza, mtoto akichomwa anavimba tumbo. Nikasimama hapo hapo kati ya maharagi na majani ya sombe nikawaeleza kwamba hapana, si chanjo zote, ni ya kanisani tu, na hata hiyo haijaoza, imepungua tu. Wakanisikiliza vizuri sana. Walipoondoka nikasikia mmoja akimwambia mwenzake kwamba hata Gauthier wa mabati amehakikisha.

Nikamkimbilia kinyozi nirekebishe. Kila nilivyorekebisha, neno lilinenepa.

Jioni Honorine amerudi na beseni na uso ambao siupendi. Sasa wanasema ni sumu. Wanasema imeletwa na watu wa upande wa pili wa boulevard, ile barabara kuu iliyotugawa vitani, ili watoto wetu waishe. Huko upande wa pili, ameniambia, nako wanasema hivyo hivyo juu yetu.

Hapo nikaketi. Mji huu si mji wa kuchezea neno kama hilo. Mwezi wa tano ulianza na maneno. Kuna marafiki tuliokuwa tukila nao sahani moja ambao leo hawavuki ile barabara kuja kwetu, wala sisi kwenda kwao.

Honorine ameuliza ni nani mwenye kichwa kibovu kiasi cha kuanzisha jambo hili. Nikasema nchi imeharibika.

Jumapili, 14 Septemba

Baada ya misa wamama wamesimama kwa vikundi nje ya kanisa. Hakuna atakayechanja. Hata mmoja! Mama Monique amesema kwa sauti kwamba mapacha wake atawapakia kwenye lori wakakae Komanda kwa dada yake mpaka hii sindano ipite. Komanda! Kila mtu anajua barabara ile ilivyo siku hizi, nani anajitokeza kwenye majani na nani harudi. Nilitaka kumwambia. Nikamuuliza bei ya mandazi.

Kisha Hubert amenishika mkono. Nikajua nimekwisha. Kumbe anataka msaada. Amenipeleka kwake, akanipa kiti kizuri, mke wake akaleta chai yenye sukari. Hubert akasema mimi ni mtu wa maneno, mtu wa sokoni, watu wananijua. Je, nitamsaidia kuwashawishi?

Halafu akavua kasketi, akaiweka juu ya cherehani.

"Nitakuambia kitu moja, Gauthier. Mutoto ya binti yangu, Xavier. Walikuwa naye kule kambini. Surua ilimukamata mwezi wa saba. Nilimubeba mupaka kwa madaktari, hii mikono yangu. Tulikuwa kwa mustari bado, ile mutoto ikanyamaza."

Sikujua. Miezi yote hii jirani yangu anashona suruali za watu karibu na ukuta wangu, na mimi sikujua. Akauliza ni mtu gani anaweza kuwa na roho ya kuharibu chanjo ya watoto. Nikasema ni nyoka, huyo. Akakubali kwa kichwa.

Chai nimeiacha nusu. Sukari yote ile, Mungu wangu.

Jumatatu, 15 Septemba

Siku ya chanjo. Asubuhi nimejaza ndoo. Nimefagia. Nimefunga tai. Fanny, msichana wa kuchoma sindano, ameketi kwenye meza yangu na sanduku la barafu miguuni.

Hakuna mtu.

Saa zikapita. Mbuzi mmoja akaingia, akatazama pagne ya ndege, akatoka. Fanny akala karanga zake zote. Nikatuma ujumbe kanisani kuuliza habari. Kule nako hakuna. Hubert amepita avenue zote mpaka megafoni inasikika kama mtu mwenye mafua. Milango imefungwa. Ndani ya nyumba unasikia watoto wakinyamazishwa.

Mchana Mama Émilienne amekuja mwenyewe. Amesema barafu itashika mpaka keshokutwa jioni. Baada ya hapo sanduku linakwenda kartie nyingine, na hajui litarudi lini. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejisikia vizuri zaidi. Aliketi tu kwenye rafu ya chini, akavua viatu, akasema kambini jana wamezika tena.

Nikamwambia achukue mkono wangu! Anichome mimi, sokoni, mbele ya wote, waone sifi! (Mimi na sindano hatupatani. Nikiwa mtoto walinikamata watu wanne. Lakini nilisema hivyo, nataka iandikwe.) Mama Émilienne akanishukuru. Akasema kila dozi ina mtoto wake, hatampokonya mtoto ili ampe mzee wa mabati.

Ameondoka. Lakini wazo limebaki. Kwani watu wanatazama nini? Sindano? Hapana. Wanatazama pamba!

Jumanne, 16 Septemba

Naandika kitandani. Herufi zinanikimbia.

Asubuhi nimejifunga pamba nene juu ya mkono wa kushoto na plasta mbili za msalaba, nimekunja shati mpaka begani, koti nimelitundika bega la kulia. Nimetembea kartie nzima. Kila geti nilisimama, nikapiga kifua, nikasema: mnaona? Nimechomwa! Ile ile ya watoto! Niko mzima kama ng'ombe! Mwanzoni ilifanya kazi. Watu walitoka. Waliitazama pamba kwa heshima. Mama mmoja akaniuliza kama iliuma, nikasema ni kama kuumwa na siafu. Aliyekuwa na mtoto akaanza kumtafutia viatu. Viatu! Nikajiona tayari nimevaa kasketi.

Ila jua la leo lilikuwa la ajabu. Au ni mimi. Kwanza joto. Halafu baridi, kwenye jua. Nilifika kwenye geti la Mama Monique, nikapiga kifua, nikasema niko mzima kama...

Hapo nikatapika juu ya mandazi yake. Kisha nikaanguka.

Wanasema kilio cha Mama Monique kimesikika mpaka sokoni. Gauthier amechomwa! Gauthier anakufa! Milango iliyokuwa imefunguka nusu ikafungwa yote. Nimeletwa nyumbani kwenye mkokoteni, mkono wenye pamba ukining'inia nje, kila mtu akiuonyesha kidole.

Sasa ua wetu umejaa wamama. Mama Monique ameshapeleka mapacha kituoni kwa malori. Lori la Komanda linaondoka kesho asubuhi.

Siwezi kuandika zaidi. Nje wameanza kuimba. Nazijua nyimbo hizi. Ni zile tunazoimba tukimsindikiza mtu.

Alhamisi, 18 Septemba

Niko mzima. Niandike yote kabla sijaanza kuyasahau kwa makusudi.

Jana asubuhi nilikuwa kwenye mkeka sebuleni, naungua. Wamama wamenizunguka, wengine wamelala hapo hapo. Mama Émilienne akafika na mfuko wake. Akauliza naumwa nini. Sauti ishirini zikamjibu kwamba ni chanjo. Akasema hakuna aliyenichanja. Sauti zikasema pamba hiyo hapo!

Honorine alikuwa pembeni. Tangu nianguke alikuwa akinipepea tu na mfuniko wa sufuria. Akaweka mfuniko chini. Akaja, akashika plasta, akaivuta yote mara moja na nywele zangu. Akaleta maji na sabuni ya kufulia, akausugua mkono wangu kama anaosha kisigino. Kisha akauinua juu watu wote waone.

"Iko wapi tundu?" akauliza.

Shingo zikanyooshwa.

"Nauliza, bamama. Iko wapi tundu ya sindano? Angalieni muzuri."

Wakaangalia. Wakaugeuza mkono mbele na nyuma. Wakaangalia na mwingine, kwa usalama. Hakuna tundu. Mama Émilienne alinichoma kidole, akatazama damu kwa mashine yake kule kituoni, akarudi na neno moja: malaria. Ya kawaida. Ya mbu.

Honorine akanitazama. Sikuwa na mahali pa kukimbilia, mkeka ni mdogo. Nikasema pamba niliifunga mwenyewe. Kuwatia watu moyo.

Ndipo Mama Monique, taratibu kabisa, kama mtu anayevuta uzi kutoka kwenye nguo, akasema: "Ngoja. Huyu huyu Gauthier ndiye aliniambia kwenye bomba kama chanjo ya kanisa imepotea nguvu."

Wote wakageuka. Mmoja akauliza, kumbe lile neno lilitoka kwa Gauthier? Mwingine akasema yeye alilipata kwa kinyozi. Kinyozi alilipata kwa dada yake. Dada alilipata kwa Monique. Monique kwa Gauthier. Walilifuata nyuma namna hiyo, mlango kwa mlango, mpaka likafika kwenye mkeka wangu na kulala pale karibu nami.

Nilifumba macho. Nilingoja mawe.

Badala yake nikasikia mtu anacheka. Bibi mmoja wa avenue ya tatu. Akasema, "Aah! Ni Gauthier tu!" Na mwingine: "Siye tunafungia batoto ndani, kumbe ni Gauthier tu!" Wakaanza kukumbushana. Gauthier aliyetaka kuuza mvua kwenye mapipa. Gauthier aliyefundisha kuku wa Honorine kulala saa sita mchana ili watage mara mbili. Wengine wakalia machozi wameshika mbavu. Sumu ya upande wa pili wa boulevard, siri kubwa, hila ya kutumaliza: yote ikafa pale pale. Haiwezekani kuogopa kitu kilichotoka kwangu.

Sijui nijisikie vipi. Bado nafikiri.

Mmoja tu hakucheka. Hubert alikuwa mlangoni, kasketi mkononi. Sijui alisimama hapo tangu lini. Alinitazama. Ningependa kuandika kwamba aliponitazama nilikuwa nimesinzia. Sikuwa nimesinzia.

Akavaa kasketi, akatoka. Kisha nikaisikia ile megafoni, kitufe chekundu na yote, ikishuka avenue yetu, ikipanda ya pili, ikizunguka sokoni:

"BAMAMA! ILE MANENO YA SUMU ILITOKA KWA GAUTHIER! GAUTHIER WA MABATI! NI GAUTHIER TU! NJOONI, BARAFU INAISHA!"

Tangu nihamie Bunia nilitamani jina langu litangazwe. Limetangazwa.

Hubert hakuishia hapo. Honorine ndiye amenisimulia. Alikwenda mbio mpaka kituo cha malori. Lile la Komanda lilikuwa limeshawasha mota, mapacha wamekalishwa juu ya magunia. Hubert, mwenye pumu, alijisimamisha mbele ya lori akabonyeza kitufe chekundu, hakukiachia. Dereva alidhani ni askari wa Umoja wa Mataifa, wale wa kofia za bluu. Akazima. Hubert akawateremsha mapacha mmoja baada ya mwingine, akawaleta amewashika mkono, megafoni ikigongagonga kiunoni.

Na depo yangu! Mimi nilikuwa chini ya perfusion, dripu ya kinini, sindano ya kweli safari hii, na nililia, Honorine asikane. Lakini depo iko ukuta kwa ukuta na nyumba, na dirisha lilikuwa wazi. Nikasikia mtoto wa kwanza akipiga kelele. Halafu wa pili. Halafu wengi, kilio juu ya kilio, mpaka barabarani. Sijawahi kusikia muziki mzuri hivyo. Ndoo ilijazwa tena na tena. Sijui nani aliijaza. Falone amemng'ata Fanny. Fanny amemsamehe, akamchoma.

Mchana mtu akainama mlangoni, mrefu, kofia ya kufuma kichwani. Assani! Rafiki yangu Assani, mnunuzi wa dhahabu, anayekaa upande wa pili wa boulevard. Toka mwezi wa tano hatujaonana. Nyuma yake watoto wake watatu na wamama wawili, jirani zake, kila mmoja amebeba wa kwake. Kwao hakukuwa na kituo. Wamevuka.

Nikamuuliza alipataje ujasiri.

"Tulisikia jina yako mupaka kwetu," akasema. "Nikamuambia bibi yangu, mama ya batoto: kama ni uongo ya Gauthier, basi hakuna hatari. Twende."

Akaketi kwenye mkeka. Akanishika mguu juu ya blanketi, akauacha mkono wake hapo. Tukakaa. Honorine akaleta bugali na makayabo, tukala sahani moja, ingawa mimi nilitapika ya kwangu baadaye.

Ijumaa, 19 Septemba

Hubert amekuja. Nilimwona kupitia dirisha, nikajifunika mpaka kichwani, nikaanza kukoroma. Akaketi. Hakuondoka. Mtu hawezi kukoroma milele.

Nikafunua uso. Alikuwa ameshika koti langu, lile la mkutano. Mfuko ulikuwa umechanika nilipoanguka. Alitoa sindano kwenye kola yake akaanza kushona hapo hapo, jicho kwenye uzi.

Nilikuwa na maelezo. Mazuri, yenye pande tatu. Nikafungua mdomo. Nikasema tu, "Ile siku ya chai sikujua habari ya Xavier."

"Ungejua ungefanya nini?"

Nilifikiri. Kwa kweli nilifikiri.

"Ningemuambia Monique kitu ingine," nikasema.

Bega lake likatikisika. Nikadhani analia, nikashtuka. Alikuwa anacheka, kile kicheko cha mtu mwenye pumu, kisichotoa sauti. Halafu kikawa kilio kidogo pia. Nikasogea kwenye mkeka, nikampisha. Tulikaa tumeegemea ukuta, mimi na yeye, kama watu wanaosubiri mvua ipungue.

Alisema nilimkasirisha mpaka alipofika kwenye lori. Alipowashika wale mapacha mikono hasira ikamtoka, hajui ilikwenda wapi, sasa amechoka tu. Akakata uzi kwa meno. Akasema mfuko huu hautachanika tena.

Haukubali hata kupitisha kidole. Ameushona ukafungwa kabisa. Sijui kama ni kosa. Sikuuliza.

Jumatano, 24 Septemba

Nimesimama vizuri. Mama Émilienne amefanya mkutano wa kushukuru. Watoto wa kartie karibu wote wamechanjwa, na wa ng'ambo ya boulevard wengi. Amemshukuru Hubert, makofi. Amemshukuru Fanny, makofi. Amenishukuru mimi kwa depo, watu wakasema kwa pamoja, "Ni Gauthier tu!", na hata yeye akaficha mdomo. Nimeinama. Nimeamua kulichukua kama cheo.

Nimemwahidi Honorine, mkono juu ya kichwa cha Falone, kwamba mambo ya mipango nimeyaacha. Nitafungua depo upya, pole pole, chumvi na misumari kwanza. Amenitazama kwa upole sana, akanipa kipande cha samaki cha mgongo. Nimekula nikiwa mtu mpya.

Mwisho wa mkutano, Mama Émilienne alitaja jambo dogo. Mwezi ujao inakuja chanjo nyingine, ya kichaa cha mbwa. Lakini kartie yetu haitapata kituo. Mbwa wengi walipotea vitani, waliobaki ni wachache mno, haistahili.

Haistahili. Nimelisikia hilo neno.

Jumamosi, 27 Septemba

Nimezungumza na dereva wa lori la Komanda, mtu mwelewa. Kule mbwa wanazurura njia panda bila mwenyewe, hakuna anayewataka. Safari za kurudi lori lake lina nafasi tupu. Kartie yenye mbwa wengi lazima ipate kituo. Kituo lazima kipate mkubwa. Na nani anajua mbwa wa hapa kuliko mtu aliyewaleta? Hii si mipango. Hii ni afya ya jamii.

Kundi la kwanza limefika leo mchana, ndani ya magunia. Wamekuja wengi kuliko tulivyopatana. Wana njaa. Nimewafungia depo, nikawatupia beseni moja la makayabo ambalo nadhani lilikuwa limeanza kuharibika.

Honorine amerudi sokoni sasa hivi. Ameuliza beseni liko wapi, na ni nini kinabweka.

Nimemwambia ni redio.